Yupo, Yuko, Yumo

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha pili huniuliza kwa nini Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali ilhali kimoja kingetosha. Mitaani wao husema "yupo" kwa kila hali: yupo nyumbani, yupo safarini, yupo chumbani. Huwaandikia ubaoni yupo, yuko, yumo, kisha huwafafanulia kama vitabu vya sarufi vifafanuavyo: -po ni ya mahali dhahiri, -ko ni ya mahali pasipo dhahiri, -mo ni ya ndani. Kwa miaka mingi nililitoa jibu hilo kama kondakta arudishavyo chenji, bila kulifikiri. Nililifikiri kwa mara ya kwanza usiku mmoja wa mwaka 2013, nilipolisikia neno "yumo" likitamkwa chini ya ngazi za nyumba ya kulala wageni, na aliyemo nikiwa mimi.

Ndugu msomaji, ukumbi huu umezoea kujadili vina na mizani. Leo naomba tuzungumze juu ya kitanda cha kukodi. Ninayo sababu. Wengi wetu tuandikao hualikwa mijini kusoma mashairi, na waandaaji hutuahidi nauli na posho, kisha huongeza: malazi kila mtu atajitegemea. Washairi wenzetu wanaume hulipokea neno hilo kama suala la fedha. Kwa mwanamke asafiriye peke yake ni suala la fedha, la mtaa, la mlango na, kama nitakavyoeleza, la lugha.

Kwetu Tanga, mwanamke akiaga safari haulizwi atafikia wapi. Huulizwa atafikia kwa nani. Kitenzi "kufikia" kimebeba ndugu ndani yake: mjomba wa Mbagala, shangazi wa Temeke, binamu aliyehamia Kimara. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, na nilipowahi kwenda Dar es Salaam miaka ya nyuma nilifikia kwa watu, ama nilifuatana na mume wangu, naye ndiye aliyejua tutalala wapi. Mwaka 2011 Mwenyezi Mungu alimchukua. Miaka miwili baadaye nikaalikwa kusoma mashairi, na kwa mara ya kwanza nikaamua kwamba sitafikia kwa mtu.

Sikuwachukia ndugu zangu. Nilikuwa na tenzi niliyotaka kuimalizia, na nyumba ya ndugu haina ukimya wa kukodisha. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kike hupewa mwiko jioni ile ile ya kwanza. Nilimweleza mama yangu hayo, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mwanamke mwenye ndugu mjini halali gesti."

Naomba tulitazame neno hilo. "Gesti" lilitujia kutoka Kiingereza likiwa na maana safi ya mgeni, lakini katika vinywa vyetu limeokota harufu. Ukisema fulani alionekana gesti, hakuna atakayeelewa kuwa fulani alikuwa safarini. "Lojingi" nalo limefuata njia hiyo hiyo. "Hoteli" limesalimika kiasi, ingawa kwa wazee wetu, na hadi leo kwa ndugu zetu wengi wa Kenya, hoteli ni mahali pa kunywa chai na kula mandazi. "Nyumba ya kulala wageni" ndilo jina lenye stara kuliko yote, ila ni refu mno kwa dereva wa bajaji. Mama hakuwa na hofu ya kitanda wala ya mlango. Aliogopa jina ambalo ningerudi nalo.

Nikaenda. Nilishuka Ubungo, ambako wakati ule ndiko kulikokuwa na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, magharibi ikiingia. Mwanamume aliyepanda Muheza na kukaa kando yangu alinisaidia kushusha begi. Njia nzima tulikuwa tumezungumza juu ya bei ya machungwa. Aliniita dada, akaniuliza ninalala wapi, nikamtajia. Sikuona ubaya. Mtu aliyeulizwa njiani atokako na aendako hujibu, ndivyo tulivyolelewa.

Nyumba niliyoichagua niliichagua kwa bei na kwa mashuka meupe niliyoelezwa na mwalimu mwenzangu. Mapokezini palikuwa na daftari kubwa la wageni, limeachwa wazi juu ya meza, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, chumba, sahihi. Nakumbuka niliyafurahia maneno hayo mawili, "atokako" na "aendako", nikajiambia kwamba hata daftari la gesti linajua kutumia kirejeshi. Sikugundua kwamba nilikuwa nimeyasoma majina na namba za vyumba vya wote waliotangulia, na kwamba atakayenifuata naye atanisoma mimi.

Ilipata saa tano na nusu usiku. Nilisikia sauti ikiuliza chini, "Yule mama wa Tanga aliyeingia jioni, yupo?"

Kijana wa mapokezi akajibu, "Yumo. Namba 14, juu, mkono wa kulia."

Alisema Kiswahili fasaha kuliko wanafunzi wangu wote. Nikasikia hatua zikipanda.

"Dada, ni mimi." Niliitambua sauti. Sikujibu. "Dada, fungua tuzungumze kidogo." Komeo la mlango ule lilishikwa na skrubu mbili, na moja haikuwapo. Nilikaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni, miguu nimeikaza kwenye ubavu wa kitanda. "Dada, najua umo." Akagonga tena, kwa upole, kama mtu mwenye haki ya kusubiri. Hakutukana, hakupiga teke. Alisimama pale kwa muda ambao mpaka leo sijui niupime vipi, kisha akashuka. Sikulala. Kulipopambazuka nilikuwa bado sakafuni, na mguu wangu mmoja ulikuwa umekufa ganzi.

Asubuhi nilimwuliza kijana kwa nini alifanya vile. Alishangaa kwa dhati. "Samahani, mama. Alisema mnafahamiana, mmesafiri pamoja. Nikaona si adabu kumzuia mgeni wako."

Nimeyatafakari maneno yake kwa miaka mingi, na nimeacha kumkasirikia. Hakuwa na nia mbaya. Alifundwa ukarimu wa nyumbani akauleta mahali pasipo nyumbani. Ila nyumbani tuna utaratibu: ajaye hubisha hodi, na hodi hungoja karibu. Akibisha mara ya tatu bila kujibiwa, huondoka, wala halalamiki. "Karibu" ni neno la mwenyeji, na ni lake peke yake. Sasa katika nyumba ya wageni, mwenyeji wa chumba ni nani? Kijana yule aliamini ni yeye, maana ndiye mwenye funguo. Mimi naamini ni yule aliyekilipia chumba na kulala ndani yake, hata kama ni kwa usiku mmoja. Kijana yule alinikaribishia mtu chumbani mwangu, na alilifanya hilo kwa neno moja tu, "yumo".

Tangu siku ile nilijitafutia kinga, na kinga yangu ilikuwa uongo. Niliendelea kuvaa pete ya ndoa, na kila nilipoulizwa mapokezini kama niko peke yangu nilijibu, "Mume wangu yuko njiani." Dodoma nilisema hivyo. Arusha nilisema hivyo. Mombasa nilisema hivyo, nikaongeza kwamba amechelewa kivukoni Likoni. Uongo huo ulifaa. Wahudumu walibadilika sauti, walinzi walinisimamia, na hakuna aliyenigongea. Lakini nilipofunga mlango nilijisikia kama mtu aliyemfukua maiti ili amwekee ulinzi. Mume wangu hakuwa njiani. Kaburi lake nalijua kwa hatua.

Basi nikaanza kujifunza kuchagua, ili siku moja nisihitaji kudanganya. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, mtaa hutangulia chumba. Siutafuti mtaa mzuri, nautafuti mtaa ambao wanawake wanafanya shughuli zao mpaka saa mbili au saa tatu usiku: mama lishe, muuza matunda, duka la dawa lenye taa. Watu wengi hudhani utulivu ndio usalama. Kwa uzoefu wangu, barabara tulivu yenye miti na kuta ndefu hupendeza mchana, ila usiku hutakuta mtu wa kumwita. Mtaa wenye kelele nao una kasoro yake: kelele za wachuuzi huisha, za baa hazina mwisho. Kwa hiyo huuliza kama chini ya jengo kuna baa au ukumbi wa muziki. Kama upo, wageni wa baa hupita kwenye ngazi zile zile nipitazo.

Pili, saa ya kufika ni sehemu ya uchaguzi. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichoanza kutumika mwaka 2021 badala ya Ubungo, kiko mbali na katikati ya jiji, na foleni ya Barabara ya Morogoro haimjui mgeni. Afadhali nipande basi la alfajiri na kufika jua likiwa juu, ili hoteli nisiyoipenda niweze kuiacha. Mwanamke afikaye usiku hachagui tena. Hupokea alichopewa.

Tatu, ghorofa. Chumba cha chini hukikataa, na cha juu kabisa hukikataa pia: cha kwanza kwa sababu ya dirisha, cha pili kwa sababu ya moto. Nondo za madirishani zimzuiazo mwizi kuingia humzuia mgeni kutoka. Ghorofa ya pili au ya tatu, karibu na ngazi lakini si mkabala nazo, hunitosha.

Nne, mlango. Kabla sijalipa huomba kuonyeshwa chumba, na mhudumu aonaye ombi hilo ni dharau amekwisha kunijibu. Hutazama kama komeo la ndani ni zima, nalivuta kwa nguvu, nahesabu skrubu. Hutazama kama kuna tundu la kuchungulia. Hutazama kama kuna mlango mwingine wa kuingilia chumba cha jirani, na ufunguo wake uko kwa nani.

Tano, ambalo ndilo la kwanza kwa uzito, ni namna wanavyosema. Hili halina picha wala nyota, na huwezi kulijua mpaka uwafanye waseme.

Mwezi Julai mwaka jana nilialikwa tena Dar es Salaam, katika shughuli za Siku ya Kiswahili Duniani, ile tarehe 7 Julai iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Usomaji ulikuwa wa siku tatu, karibu na Mnazi Mmoja. Posho yangu ingenilipia chumba cha shilingi 80,000 kwa usiku, si zaidi. Nikabakiwa na hoteli mbili. Moja ilikuwa Kariakoo, shilingi 60,000 pamoja na kifungua kinywa, hatua chache kutoka ukumbini. Wapenzi wa historia ya maneno mnajua jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mara zote nilalapo huko huwafikiria wasafiri wale ambao hakuna aliyewauliza wanapenda kulala wapi. Hoteli ya pili ilikuwa Upanga, shilingi 85,000, mbali kidogo, na chai yao, niliambiwa, si ya kusifiwa.

Nikawapigia simu wote wawili nikiwa Tanga, nikawauliza swali moja: "Dada yangu atalala kwenu wiki ijayo. Nikipiga simu usiku kumwulizia, mtanipa namba ya chumba chake?"

Kariakoo walinijibu kwa uchangamfu, "Bila shaka, mama! Na ukitaka tutakwenda kumgongea."

Upanga alipokea binti. "Shikamoo, mama. Namba ya chumba hatuitaji. Tutampigia yeye kwanza, akiridhia tutakuunganisha."

"Hata nikiwa dada yake?"

"Hata ungekuwa mama yake mzazi, mama. Utusamehe."

Tofauti ilikuwa shilingi 25,000 kwa usiku, yaani 75,000 kwa siku zote tatu, na pungufu ya posho ilibidi nijazie mfukoni mwangu. Nilizihesabu mara mbili, maana mshahara wa mwalimu una kumbukumbu nzuri. Kisha nikachagua Upanga.

Nilifika saa tisa alasiri. Mapokezini hapakuwa na daftari lililo wazi. Kila mgeni alijaza karatasi yake, nayo ikawekwa kwenye droo. Binti akaniuliza, "Chumba ni cha mtu mmoja, au kuna atakayekufuata?"

Ulimi ukatangulia kabla ya akili. "Mume wangu yuko," nikasema, kisha nikanyamaza.

Yuko. -ko, ya mahali pasipo dhahiri. Nilitambua kwamba kwa miaka yote ile uongo wangu ulikuwa umeanza kwa neno la kweli. Nikisema kaburi lake lipo, nitasema kweli, maana nalijua. Kuhusu yeye mwenyewe sina kiambishi kingine ila hicho. Binti alisubiri, kalamu mkononi, bila kuniharakisha.

"Niko peke yangu," nikamwambia.

"Karibu sana, mama." Akaandika namba ya chumba kwenye kipande cha karatasi, akakigeuza kikanielekea, akakisukuma juu ya meza. Nyuma yangu walisimama wanaume wawili waliokuwa wakisubiri zamu. Hawakusikia namba, kwa kuwa haikutamkwa.

Sitaipamba hoteli ile. Maji ya moto yalikuja siku ya pili tu, jenereta lilinguruma chini ya dirisha langu umeme ulipokatika, na habari za chai zilikuwa za kweli. Komeo lilikuwa na skrubu nne.

Usiku wa pili, saa tatu na robo, simu ya chumbani ililia. Nilishtuka mpaka kalamu ikaniponyoka.

"Samahani kwa kukusumbua, mama. Kuna mgeni hapa chini anamwulizia mtu wa jina lako. Anasema ni mshairi, ameleta ratiba ya kesho. Nimwambieje?"

Nikamwuliza amekwisha kumwambia nini. "Nimemwambia asubiri nitazame kama tuna mgeni wa jina hilo."

Nilikaa kidogo na ile "nimwambieje". Kumbe ndilo neno nililolikosa mwaka 2013. Nilijua aliyekuja ni nani, mzee wetu mmoja mpole wa tungo za zamani, asiyejua kutuma kitu kwa simu. Ningeweza kusema hayupo, na angeondoka bila kujua kama nililala pale au la. Nikasema, "Mwambie nashuka." Nikajitanda mtandio, nikafunga mlango wangu, nikashuka kwa miguu yangu.

Baadaye usiku ule mama alinipigia, kama kawaida yake. Ameshazeeka, na swali lake halijabadilika. "Umefikia kwa nani, mwanangu?"

"Nimelala hotelini, mama. Niko peke yangu."

Akanyamaza kidogo. "Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Basi lala salama." Hakuongeza neno, na kwa mama yangu hiyo ni safari ndefu.

Dada zangu washairi wamekuwa wakiniomba jina la hoteli ile. Nimeona niwape lile swali badala ya jina, maana wahudumu huhama na wenye mali hubadilika, lakini swali utakwenda nalo Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Piga simu kabla hujatuma pesa. Jiulizie wewe mwenyewe kama vile wewe ni mtu mwingine, kisha usikilize watakutaja vipi. Na wewe kaka usomaye haya, ukiwa na mgeni wa kike unayetaka kumwona, mngoje chini.

Ubeti huu niliuandika usiku wa mwisho, jenereta likinguruma:

Nafika mapokezini, ombi langu la mdomo,
Jina langu kitabuni, lisitoke nje ya humo,
Aulizaye ni nani, hata umwambie yumo?
Niache nilale ndani, usimtajie nimo.